Siagi Aliyopelekewa Dorcas

Mwaka ule mvua ilikatika mapema huko Indiana. Mahindi ya Elihu Pruitt yaliungua yangali usawa wa goti, na nyasi za malishoni zikawa zinavunjika chini ya kwato. Septemba ilipofika, Elihu alibomoa upande mmoja wa ua wa magogo, ng'ombe wake watatu wakashuka bondeni, ndani ya msitu, ambako majani yalikuwa bado mabichi.

Mkewe Keziah hakupendezwa. Alikuwa mzaliwa wa Kentucky, na kwao watu waliuogopa msitu wakati wa ukame, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe waliolisha humo yaliua watu. Hazikupita siku nyingi akamwita mumewe zizini. Ndama alikuwa amesimama, miguu kaitanua, mapaja yanamtetemeka.

"Huyu ana ugonjwa wa maziwa," Keziah alisema. "Na maziwa yenyewe ndiyo haya tunayokunywa."

"Ndama huyu ni dhaifu tangu azaliwe. Usimsingizie msitu."

"Shangazi yangu alizikwa pamoja na wanawe wawili kwa maziwa ya namna hii, Elihu."

"Sasa watoto wale nini? Mawe?"

Tangu siku hiyo Keziah alikamua, akabeba ndoo hadi nyuma ya ghala, akamwaga. Watoto wakubwa wakala uji wa mahindi kwa maji matupu, na mdogo aliendelea kunyonya. Elihu aliona ardhi inanyweshwa chakula cha wanawe, roho ikamuuma.

Ilibaki siagi iliyosukwa siku chache kabla, bakuli zima, ikipoa kwenye kibanda kilichojengwa juu ya chemchemi. Keziah alisema ataitumia kutengenezea sabuni. Asubuhi moja, alipokuwa anafua, Elihu alilichukua lile bakuli akalipeleka kwa mdogo wake Asa, ng'ambo ya kijito. Mke wa Asa, Dorcas, alikuwa ametoka kujifungua, na nyumba yao haikuwa na ng'ombe.

"Karibu, shemeji," Dorcas alisema kutoka kitandani. "Leo umeleta kitu, au umekuja kunimalizia mkate kama kawaida yako?"

"Nimeleta siagi. Kula unenepe, mdogo wangu asije akachekwa kwamba ameoa fito."

"Fito hii imemzalia dume."

Alicheka, akaipaka nene juu ya mkate wa moto. Asa hakupenda siagi tangu utotoni. Dorcas akamkatia Elihu kipande. Elihu alisema ameshiba. Hakuwa ameshiba, tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni.

Juma lile halikuisha, Asa akaja mbio. Dorcas anatapika, ana kiu isiyokatika, hawezi kusimama. Keziah alikwenda naye. Alipoinama juu ya mgonjwa, harufu ya pumzi ya Dorcas ilimthibitishia ugonjwa aliouogopa. Kisha akageuka, akaliona mezani bakuli lake mwenyewe, limekombwa. Alimchukua mtoto, ambaye naye alikuwa ameanza kulegea, akampa titi lake.

Dorcas alikufa siku mbili baadaye. Ardhi ilikuwa imekauka hata jembe likawa linadunda, ndugu wawili wakachimba kaburi kwa sululu, kwa zamu.

"Ndama wako alikufa lini?" Asa aliuliza.

"Juzi."

"Na siagi ile ulijua?"

Elihu alisimama ndani ya shimo, udongo umemfika kiunoni. "Keziah aliniambia. Nilidhani ni hofu za wanawake."

"Mbona wewe hukuila?"

Elihu alirudi kuipiga ardhi kwa sululu. Asa alimpokea sululu akaendelea kuchimba. Hakumpiga. Elihu angeshukuru kama angempiga.

Theluji ilipoyeyuka, Asa alifunga mizigo yake kuelekea magharibi. Alimwachia Keziah mtoto, Josiah, kwa kuwa safari ile haikuwa ya mtoto wa kunyonya. Alimkumbatia shemeji yake, akambusu mwanawe utosini, akampita Elihu langoni kama mti unavyopitwa. Hakurudi, wala hazikusikika habari zake.

Elihu aliujenga upya ule ua, akauongeza urefu. Keziah hakumlaumu hata mara moja, na kwa Elihu kimya hicho kilikuwa kizito kuliko lawama. Walilala kitanda kimoja, walivuna pamoja, walizungumza habari za nguruwe na mbegu.

Josiah alichelewa kusema. Siku aliposema, Elihu alikuwa mlangoni anavua viatu vyenye matope. Mtoto alimwendea kwa kuyumba, akamshika goti, akamwita baba.

Elihu aliinamisha kichwa. Keziah aliacha kukanda unga, akamtazama mumewe.

"Itika basi," alisema. "Mtoto anakuita."

Elihu akaitika.