Namba Mbili Imekwama

Mwaka tisini na tano shirika letu la wakimbizi pale Omurushaka lilikuwa na kompyuta moja, skrini tatu, na watu kumi waliokuja kuziangalia huku wakitafuna kahawa. Boksi lilikuwa moja tu, chini ya meza yangu, ila ndani yake programu msimamizi iliigawa kompyuta hiyo kuwa tatu za kufikirika. Kila moja ilijiona iko peke yake, kama wake wenza wasiojuana.

Saa saba mchana namba mbili ikakwama. Ilikuwa ya bosi, Ildefonsi. Ikaing'ang'ania diski ya wote, na karani Mukashema kwenye namba tatu akashindwa kuhifadhi orodha yake: kaya mia mbili zilizovuka mpaka wiki ile, alizozichapa tangu asubuhi. Lori la mahindi lilikuwa linaondoka saa nane. Asiye kwenye orodha hapewi.

"Joviana, zima boksi uwashe tena," bosi akaniambia.

"Nikizima zinakufa zote tatu, bosi. Na watu wa Mukashema wamo humo humo."

"Atachapa tena."

"Kwa vidole vya nani, mzee?" Mukashema akauliza, mikono juu ya kibodi kama anafunika vifaranga.

Programu msimamizi ilikuwa na mlango wa kupokea maagizo kutoka kwa programu nyingine, nami nilikuwa nimeandika kiprogramu cha mistari minne cha kuupitia. Unakipa namba, kinaianzisha upya hiyo tu, wenzake hawasikii kitu. Nikamweleza.

"Hapana. Zima." Akainama kutafuta swichi mwenyewe.

Dafroza, mpika chai wetu, akasogeza kiti mbele ya boksi, akakaa. "Shikamoo, bosi," akasema, na walishaamkiana tangu asubuhi.

Haraka ya bosi nikaielewa nilipoita kwenye skrini yangu, namba moja, orodha ya kinachoendeshwa kwenye kila kompyuta, maana lazima uhakikishe namba kabla hujaigusa. Namba tatu: ORODHA. Namba mbili: KARATA. Wale watazamaji kumi wakasogea kusoma. Wasiojua kusoma wakasomewa.

"Nilikuwa naikagua," Ildefonsi akasema.

"Tangu saa tatu?" Dafroza akamuuliza. "Chai nimekuletea mara nne, unaniambia unaandika ripoti."

Nikagonga mbili, nikathibitisha. Skrini ya bosi ikawa nyeusi, kisha ikaanza kuwaka upya. Ya Mukashema haikutikisika. Akahifadhi, diski ikakoroma, printa ikaanza kulia.

Dereva alishaanza kupiga honi. Mukashema akachana karatasi ndefu, akatoka nayo mbio bila kuikunja.

"Joviana," bosi akaniita taratibu, "na ile yangu haikuhifadhiwa?"

"Haikuhifadhiwa."

"Nilikuwa nashinda."