Mstari Uliogoma

Kwenye skrini palibaki mstari mmoja mwekundu. Nilisimama mikono kiunoni nikiutazama, kama mama anayemtazama mtoto aliyevunja kitu na hataki kusema.

Wiki mbili kabla ya hapo, dada yangu, muuguzi wa miaka kumi na tisa kazini, alikuwa amesimamishwa. Pampu inayotia dawa kwenye mshipa ilimpa mgonjwa wake, fundi cherehani mstaafu, karibu mara mbili ya dozi aliyoandikiwa. Mzee alinusurika, lakini kwa shida. Dada akaambiwa alibonyeza vibaya.

"Nilibonyeza ninavyobonyeza kila siku," aliniambia jikoni kwake, akimenya viazi bila kuangalia kisu. "Lakini wameniuliza mara nyingi, mdogo wangu, mpaka nimeanza kujishuku."

Pampu ile ilitengenezwa na kampuni yetu, ninakofanya kazi ya programu.

Siku zilezile mkuu wa kitengo, mama mfupi tuliyemwita Darubini kwa jinsi alivyosoma kila nukta, alinipa kazi: nilinganishe vyombo viwili vya kuthibitisha programu, yaani kuonyesha kwa hesabu kwamba haiwezi kukosea, nimwambie kipi kitatufaa. Cha kwanza kilikuwa lugha ya programu ambamo unaandika ahadi pembeni ya maagizo, mathalani dozi isizidi kiwango kilichowekwa, kisha mashine inatafuta uthibitisho yenyewe. Cha pili kilikuwa kisaidizi cha uthibitisho. Hapo unathibitisha wewe, hatua kwa hatua, nacho kinakataa hatua yoyote isiyo na mashiko.

"Utavijaribia programu gani?" Darubini aliuliza.

"Ya pampu."

Alijua habari za dada. "Ukikuta haina kosa, utaandika haina kosa?"

"Nitaandika," nilisema.

Lugha ile ilikuwa na mbio. Kwa siku mbili ilipitisha ahadi mia tatu na kumi, ikagoma kwenye moja, bila kutoa sababu. Nikaibembeleza, nikaiongezea vidokezo, nikaitolea maneno ambayo mama hajui kama nayajua. Nyekundu vilevile.

"Labda imeshindwa tu," alisema mwenzangu wa meza ya jirani. "Mashine hushindwa hata na mambo ya kweli."

Alisema sawa. Kushindwa kuthibitisha hakukuwa ushahidi wa kumtoa dada hatiani.

Nikahamia kwenye kisaidizi. Kazi ya siku mbili ikanila siku tisa. Kilikuwa mnoko kupita kiasi. Hata kwamba sifuri ikijumlishwa na namba haiibadilishi, kilitaka nikieleze. Lakini ukikwama, kilikuwekea mezani yote unayoyajua na kile kilichobaki. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, nikasoma kilichobaki. Umeme umekatika, pampu inachukua nusu sekunde kuhamia betri, na ndani ya muda huo muuguzi anaweka kasi mpya. Kasi ya zamani haifutwi. Inajumlishwa na mpya. Nami nilitakiwa kuthibitisha kwamba jumla hiyo haizidi kasi mpya.

Haikuthibitika kwa sababu haikuwa kweli.

Nilimwita Darubini. Tukaiweka pampu mezani. Yeye akachomoa waya, mimi nikabonyeza. Maji yakashuka maradufu ndani ya chupa ya vipimo.

"Tena," alisema.

Ilitubidi kujaribu mara nyingi kuipata nusu sekunde ile, lakini tuliipata tena, na tena. Darubini akafungua ripoti ya dada kuhusu tukio lile, ambayo hospitali ilikuwa imeitumia kampuni, akaweka kidole kwenye sentensi ambayo hakuna aliyeijali: *umeme uliyumba nikiwa narekebisha kasi.*

Alibeba pampu mwenyewe hadi mbele ya kamati ya hospitali iliyokuwa ikichunguza kesi ya dada. Pampu zote za aina ile zikasitishwa siku hiyohiyo. Tulirekebisha programu, na safari hii vyombo vyote viwili vikaipitisha. Kwenye mapendekezo niliandika tuvichukue vyote: cha mbio kituonyeshe mahali pa kutilia shaka, cha polepole kituambie kwa nini.

Dada alitoka chumba cha kamati akiwa ameshika barua ya kurudishwa kazini. Hakuifungua.

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea, dada."

"Sema tena."

Nikasema tena. Jumatatu aliingia zamu ya asubuhi, dakika kumi kabla ya wakati.