Gauni Chini ya Sindano

Nilirudi dukani kwangu na vifungo vya shati la mteja mkononi, nikakuta meza tupu. Cherehani hakuna. Na gauni la harusi la mdogo wangu, nililoliacha chini ya sindano likisubiri pindo tu, limekwenda nayo. Ilikuwa saa nne asubuhi, na bibi harusi alitakiwa atoke nyumbani saa nane. Nikakaa sakafuni.

Simu ikaita.

"Shikamoo fundi," sauti nzito ikasema. "Cherehani yetu imegoma. Kuna nguo nyeupe imenasa, na mteja yuko njiani anataka kuiona ikishona."

Nilitaka kumtukana, nikajiuma ulimi. Namba yangu niliiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu ubavuni mwa cherehani, na hawa mabingwa wakaamua kwamba namba iliyo kwenye mashine lazima ni ya mtengenezaji.

"Msiivute hiyo nguo," nikasema. "Mkiivuta tu, mashine imekufa. Mko wapi, wanangu?"

Wakanielekeza bila kuficha kitu: nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa bluu, bisha mara mbili. Wakaniomba nije na mafuta ya mashine.

Nikabisha mara mbili. Nyuma yangu walisimama askari wawili waliovaa kiraia, niliowapitia kituoni.

"Hawa wasaidizi wangu," nikasema.

Wezi walikuwa wawili, mnene na mwembamba. Mnene akanifutia kigoda kwa shati lake. Mwembamba akauliza kama kazi itachukua muda mrefu. Pingu zikamjibu.

Nikadhani yamekwisha. Askari mkubwa akasema, "Mama, mashine hii ni kidhibiti. Inakwenda kituoni kama ilivyo."

"Na gauni?"

"Si limenasa humo? Vyote."

"Afande, hii ni saa sita. Mdogo wangu anaolewa leo. Nipe dakika kumi."

Akajikuna kichwa, akageukia ukuta. "Mimi naandika maelezo. Huko nyuma sioni kitu."

Nikarudisha gurudumu kidogo, uzi ukaachia, nikashona haraka kuliko nilivyowahi kushona. Mshono haukupinda. Mnene, pingu mkononi, akanyanyua pindo lisiguse vumbi bila kuombwa na mtu.

"Taratibu kwenye kona, fundi," akaninong'oneza.

"Nyamaza, mwizi wee."

Nikakata uzi kwa meno, nikawaachia cherehani, nikatoka mbio nimekumbatia gauni. Saa nane kasoro robo zipu ilipanda mgongoni mwa mdogo wangu, akageuka anionyeshe. Bibi harusi alicheka. Mimi ndiye niliyelia.