Mbea Asiyesikia Moto

Saa mbili na robo asubuhi Masikio aliweka begi chini ya meza, akafuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa blauzi, akamwasha Mbea. Mbea ni programu ya arifa. Kazi yake ni kuzunguka mtandaoni kutwa kucha akitafuta palipotajwa jina la kampuni, ambayo inauza majiko ya gesi. Akilipata hulia ting na kuonyesha rangi, kijani kwa sifa na nyekundu kwa lawama. Kazi ya Masikio, aliyepewa jina hilo na wenzake, ni kuwajibu wateja kabla maneno hayajasambaa.

Mbea alikuwa na orodha ya maneno ya kuogopa: wizi, feki, mbovu, moto. Hapo kwenye moto ndipo balaa lilipoanzia. Waliomtengeneza hawakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, kwa hiyo Mbea aliona moto ndani ya kila neno changamoto. Na Masikio alifundishwa kumjibu kila mlalamikaji, "Pole kwa changamoto." Akijibu, Mbea analia. Kampuni ikitangaza ofa motomoto, Mbea analia mara mbili. Watu wakawa hawasikilizani.

"Ondoa moto," meneja alisema Jumatatu moja.

"Na mtu akiungua kweli, bosi?"

"Si atapiga simu? Ondoa."

Akaondoa. Siku hiyo alikula chakula cha mchana mpaka mwisho bila kunyanyuka, na mwisho wa wiki, kwa hesabu ya Mbea, wastani wa nyota ambazo wateja huipa kampuni ulikuwa umepanda.

Wiki tatu baadaye, Jumatano, mlinzi alichungulia mlangoni. "Masikio, kuna marehemu anakuulizia."

Alikuwa mama wa makamo, gauni limeungua upindo, nyusi hana. Mhudumu wa mapokezi alikuwa ameshamwandika kwenye daftari la wageni. Anakotoka: makaburini. Shida: jiko. Mama alisaini mwenyewe, kidole kikaacha masizi kwenye ukurasa, na mgeni aliyefuata akaombwa asiegemee hapo.

"Nimewaandikia mara saba," mama alisema. "Hata pole sijaiona."

Masikio alitafuta. Kweli, maoni saba yalikuwepo, yote ya nyota moja. La kwanza lilisema, "Jiko lenu linatoa moto kwa nyuma, njooni mlitazame." Sita yaliyobaki yaliandikwa baada ya mazishi, na herufi zilikuwa zikipungua kila mara. Masikio aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

"Pole sana, mama."

"Mimi nimeshapoa, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya binti yangu. Jiko halikuharibika hata rangi, amelifuta, anapikia lile lile. Nimemtokea ndotoni mara tatu. Akiamka ananiombea dua, kisha anaenda kuliwasha achemshe chai."

Masikio alikwenda kwa fundi. Fundi hatoki bila namba ya arifa, na arifa haikuwepo. Akaenda kwa meneja.

"Ameandika tena mtandaoni?" meneja aliuliza.

"Safari hii amekuja mwenyewe."

"Afadhali. Mpe kiti."

Alirudi, akampigia binti kwa simu ya ofisi. "Mnataka kuniuzia nini tena?" binti alisema, akakata. Ikabaki ujumbe. Mama alisimama nyuma ya kiti, joto lake likimpiga Masikio shingoni.

"Andika moto, mwanangu."

Jumbe za kampuni husomwa na meneja, na dada wa meza ya pili alifukuzwa kazi kwa neno kulipuka. Simu ya Masikio mwenyewe ilikuwa ndani ya begi. Hakuitoa. Aliandika: "Ndugu mteja, tumebaini jiko lako lina changamoto. Tafadhali wasiliana nasi." Mama alisoma, akashusha pumzi yenye moshi, akasema ahsante, maana alilelewa vizuri. Binti alijibu hapo hapo. "Ahsanteni. Changamoto ni sehemu ya maisha."

Masikio aliapa kwamba Jumamosi, siku yake ya mapumziko, angekwenda mwenyewe kwa miguu yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, hilo alilijua, lakini kulikuwa na ripoti ya mwezi.

Ijumaa mama hakuja peke yake. Mhudumu alikuwa ameandika mistari miwili na kuongeza kiti. Binti alikuwa bado amevaa aproni, akikohoa kwa adabu, kiganja mdomoni.

"Niliupata ujumbe wako, dada," alisema. "Ungesema moto, ningelitupa nje. Nikadhani ni changamoto tu."

Masikio alilia pale pale mapokezini, wateja wakimpita. Mama alimpigapiga mgongoni, mwanangu nyamaza, na blauzi ikabaki na alama ya kiganja.

"Na jiko?" Masikio aliuliza alipoweza kusema.

"Zima kabisa, halina mkwaruzo," binti alisema. "Kaka yangu alikuja kuzika, ameondoka nalo leo asubuhi. Ana watoto wanne."

"Nipe namba yake. Haraka."

Alikimbilia mezani, akaandika, "Ndugu mteja, jiko lako lina". Akanusa kahawa. Meneja alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe, anasoma. Wala hakugomba.

"Mwezi huu umefanya kazi nzuri sana," alisema. "Malizia hiyo, halafu wageni wako wahamishie chumba cha ndani. Wanunuzi wanapita pale."

Alibaki amesimama. Masikio akamalizia, akatuma. Jibu la kaka halikuchelewa. Alishukuru sana kwa kukumbukwa, akasema changamoto hazikosekani, na kwamba watoto wamelipenda mno jiko.