Gari Tupu kwa Fundi

Peterson mume wangu aliuza Toyota yetu, gari halina kosa, akanunua van inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kisha akaiinua juu kwa springi ndefu. Sasa kuingia ndani napanda kama mgonjwa anayepanda kitanda cha hospitali.

Sababu alikuwa nayo, sikatai. Binti yetu Cherono ameolewa na Ryan, na Ryan amempeleka milimani huko West Virginia, mwisho wa barabara ya changarawe ambapo Toyota ilikwama tukatolewa na trekta la jirani. Cherono ana mimba ya kwanza na daktari alisema ni wiki hii. Mimi sikulea wazee wa watu pale Annandale miaka yote hii ili mjukuu wangu aogeshwe kwa kuangalia video za simu. Lazima nifike.

Shida ni kwamba hiyo van ilikataa kunyooka. Ukiwa Beltway, barabara kuu inayozunguka jiji, usukani ni mwepesi kama haujaunganishwa na kitu. Pua inakwenda kushoto, unarudisha, inakwenda kulia. Lori likipita, tunasukumwa hadi kwenye mstari. Jumamosi tulianza safari, tulipofika Manassas nikamwambia Peterson ageuze. Nilikuwa nimeshika mlango mpaka vidole vinauma.

Fundi wetu ni Kalisti, Mchaga wa Moshi, mwenye gereji ndogo Springfield nyuma ya duka la mazulia. Tunasali naye kanisa moja, na Krismasi alikula kwetu. Peterson akampelekea van Jumatatu. Kalisti akapima magurudumu ya mbele, akarekebisha, akaiendesha, ikanyooka. Tukapakia vitu, tukatoka, ikayumba. Jumatano ikarudi. Akabadilisha shokabsoba, akakaza kila nati ya usukani, akaiendesha Peterson akiwa kando yake. Imenyooka. Tukapakia tena, na hata Springfield hatujaimaliza, inatangatanga.

Ijumaa asubuhi Ryan akapiga simu kwamba uchungu unakuja na kupotea. Sikuweza kuketi. Nilikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Peterson alipoondoka na van kwenda gereji nikaingia naye, nijue kama ubaya ni wa gari au ni wa fundi.

“Shemeji,” Kalisti akasema akijifuta mikono, “leo umekuja kunikamata?”

“Nimekuja kukuuliza kama hili gari unalijua ama unalibahatisha.”

Hakukasirika. “Likiwa hapa halina tatizo hata dogo. Mpaka usiku nalala nikiliwaza. Kwani mkisafiri mnabeba nini?”

Nikamtajia. Kitanda cha mtoto, nepi, tangi la maji, betri kubwa mbili za Peterson, masanduku ya vyombo, gunia la unga, spea, jeki, spana.

“Na vyote vinakaa nyuma?”

“Nyuma kabisa, hadi mlango unagoma.”

“Mbona mimi sijawahi kuviona? Hata spea sijaiona.”

Peterson akatoa simu akaanza kuisoma. Hapo ulimi wangu ukanitangulia. “Si anavitoa vyote kila akikuletea gari. Anavipanga sebuleni, hatuna pa kupita. Kule kwetu tulikotoka gari huliachi kwa fundi na kitu ndani, utarudishiwa bila jeki.”

Nilitaka kumsema mume wangu tu. Nilisahau ninayemwambia ni nani.

Kalisti akaweka spana chini polepole. “Hata Moshi tunafanya hivyo,” akasema. “Lakini mimi nimekula kwenu, kaka.”

“Si wewe, fundi. Ni mazoea tu,” Peterson akasema.

Kalisti akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwetu, akitazama magari yakipita. Niliona aibu, lakini woga ulizidi aibu. Mwanangu yuko kwenye uchungu, na mtu anayeweza kunifikisha kwake nimemtukana kwa mdomo wangu mwenyewe. Kama angetuambia tuchukue gari letu twende, ningemjibu nini?

Akarudi. “Mkiweka mzigo wote huo nyuma, mkia unakaa chini na pua inapanda. Magurudumu ya mbele hayakanyagi vizuri, ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi. Nimekuwa napima gari ambalo ninyi hamliendeshi. Leteni kila kitu, mpakie kama mnasafiri. Halafu mniachie.”

“Tunaweza kungoja hapa hapa,” Peterson akasema.

“Kaka, nendeni nyumbani.”

Tukaenda na van nyumbani, tukapakia, tukamletea, tukarudi kwa teksi. Sebule ilikuwa tupu. Peterson akawa anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

“Keti basi,” nikamwambia.

“Nimeketi,” akasema, naye amesimama.

Mchana Kalisti akatuita. Alikuwa ameongeza jani la chuma kwenye springi za nyuma, akasogeza betri na tangi karibu na viti vya mbele, kisha akapima magurudumu upya mzigo ukiwa ndani. Akamkabidhi Peterson funguo, akatutakia safari njema. Hakupiga soga kama kawaida yake.

Barabarani van ilinyooka. Malori yalipita na haikutikisika, Peterson akawa anacheka peke yake. Ryan akapiga tena, wanakwenda hospitali, Cherono ananiulizia. Nikamwambia tunakuja, na mara hii niliamini.

Mjini Front Royal tukasimama kujaza mafuta, Peterson akaingia ndani kununua kahawa. Nikafungua mlango wa nyuma nitoe shuka la kujifunika. Masanduku ya vyombo yapo. Unga upo. Spea ipo, jeki ipo. Nikainama kwenye nepi, nageuza pakiti mojamoja, ndipo simu ikalia. Alikuwa Kalisti.

“Linakwendaje, shemeji?”

“Limenyooka kabisa, Kalisti. Tutafika.”

“Mungu mkubwa.” Kisha akauliza, “Na vitu vyenu, vyote vipo?”

Pakiti ya nepi ilikuwa mkononi, na bado zilikuwa zimebaki ambazo sijazihesabu.

“Sijaangalia,” nikamwambia.