Sauti ya Moli

Kila Jumamosi mchana Angus alikula majimbi na majani yaliyopikwa kwa tui zito, na mimi nikala wivu. Yeye alikaa mkekani sebuleni kwa Bibi Sieni, akipepewa na wajukuu. Mimi nilikaa kwenye gari nje ya geti, jua la mji wa Logan likinichoma mapaja, kompyuta magotini na visikizi masikioni.

Ndivyo utafiti wetu ulivyopangwa. Mimi na Angus tulikuwa wanafunzi wa chuo kimoja pale Brisbane, tukitaka kujua kama roboti anaweza kuzifanya familia ziweke simu chini na kucheza pamoja. Roboti mwenyewe, Moli, kidude cha rangi ya chungwa chenye kimo cha mtoto anayejifunza kutembea, hakuwa na akili ya kucheza karata wala ya kutania. Akili ilikuwa mimi. Niliona kwa macho yake, nikaandika maneno, naye akayasema kwa sauti ya kitoto. Familia haikutakiwa kujua hadi siku ya mwisho. Ikijua mapema, yote tuliyokusanya kwao yanatupwa. Familia nyingine zote zilikuwa zimeshajitoa. Kwa Bibi Sieni ndiko shahada yangu ilikobaki.

Profesa wetu aliniweka garini kwa sababu mimi ni Msamoa kama wao, najua utani wa nyumba hizi. Angus akawekwa ndani kwa sababu ana uso wa upole. Uso wa upole, na hajui hata kukunja miguu mkekani.

"Ongeza, mwanangu," Bibi Sieni alikuwa akimwambia. "Mama yako anakulisha kweli huko kwenu?"

"Ananipa mkate, Bibi."

"Mkate. Maskini. Masina, mletee kaka yako nyama."

Kaka yako. Mimi tangu nihamie nchi hii sijaitwa dada na mtu. Mama yuko kwetu, kisiwani Savai'i, jioni nachemsha tambi kwenye chumba cha kupanga, na ile mizaha iliyomfanya Bibi ajifute machozi kila Jumamosi ilikuwa yangu. Lakini akicheka, bega alilolipiga lilikuwa la Angus.

Jumamosi ile, moja kabla ya mwisho, Bibi alitangaza kwamba Angus atavalishwa shada la maua la shukrani mbele ya kanisa zima. Nikaona sasa imezidi. Karata zilipogawiwa nikaandika, na Moli akasema, "Angus, mbona unazishika karata kama umeshika nepi ya mtoto?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Masina, mjukuu wa miaka sita, alianguka chali.

"Mwambie tena, Moli!"

"Anacheza polepole ili chakula kingine kiive."

"Hapo kakuweza," Bibi akasema, akicheka hadi akakohoa. Angus akawa mwekundu. Nilifurahi, sitaficha.

Nikataka kumwona kwa karibu akiaibika, nikamwendesha Moli akatize sebule. Bibi alikuwa ameketi njiani. Kwetu hupiti mbele ya mkubwa aliyeketi huku umesimama wima. Unainama na kuomba radhi, tulou. Vidole vyangu havikuniuliza. Moli akainamisha kichwa, akasema, "Tulou, Bibi."

Kicheko kikakatika.

"Angus," Bibi akasema taratibu, "hilo umemfundisha wewe?"

"Ni... ni programu, Bibi."

"Wewe unapita mbele yangu kama ng'ombe anayekwenda mtoni. Hujainama hata siku moja. Utamfundisha nani?" Kisha akamgeukia Moli, uso wake ukajaa kwenye kioo cha kompyuta yangu. "Na wewe. Mtoto wa nani wewe?"

Jibu la kitafiti nilikuwa nalo: mimi ni roboti, sina wazazi. Nikaliandika. Nyuma ya bega la Bibi nilimwona Angus akitikisa kichwa kwa siri, akiniomba nisiharibu. Sahani ilikuwa mapajani mwake na midomo iling'aa mafuta. Yale mafuta ndiyo yaliyoniamulia. Nikafuta nilichoandika.

"Naitwa Vaitoa," Moli akasema. "Binti wa Iosua wa kijiji cha Safotu. Niko kwenye gari hapo nje."

Bibi alinifungulia geti mwenyewe. Hakunikumbatia. Alinitazama nilivyolowa jasho, akasema, "Siku zote hizi uko juani unatusikiliza, na huyu anakula. Kwenu wakisikia watasema Sieni mchoyo. Ingia."

Niliinama nikapita mbele ya wakubwa, nikakaa mkekani, nikapewa sahani iliyojaa. Angus hakuniangalia. Kazi yetu yote ilikuwa imekwenda na maji, na mimi nilikuwa natafuna.

Masina alikuwa bado amemshika Moli mkono.

"Moli, zamu yako."

Moli kimya.

"Zamu yangu," nikasema. "Moli ni mimi, mdogo wangu."

Alinitazama juu mpaka chini. "Wewe siyo Moli."

"Si ndimi niliyesema ile ya nepi?"

"Muongo. Namtaka Moli."

Akalia, akakikumbatia kile kidude ambacho hakijawahi kuwa na neno lake hata moja. Alikikumbatia kwa nguvu zake zote. Nikakionea wivu, kidude changu mwenyewe.

Bibi alivumilia, akambembeleza, akampa kipande cha keki. Mtoto hakunyamaza.

"Vaitoa, mwanangu," akasema mwishowe, kwa upole kabisa, "hebu rudi garini kidogo."

Nikachukua sahani yangu nikatoka. Nilivaa visikizi, nikaandika kwamba nimerudi. Masina akacheka, na nyuma ya kicheko chake nikamsikia Bibi akimuuliza Angus kama anaongeza majimbi.