Kunyonyesha kwa Kengele

Nesi Secilia alipiga pasi sare yake mara mbili asubuhi ile, na bado akaona haijanyooka. Si mchezo. Wakunga ishirini na saba wa wilaya nzima walikuwa wameitwa Lushoto kwa semina ya siku tatu, wakanolewe upya kama majembe, na kati ya wote hao ni yeye peke yake aliyeandikiwa barua ya kutakiwa asimame mbele aeleze kazi yake. Barua ilisema: Mpango wa Kengele wa Malindi. Aliisoma ndani ya gari, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Abiria wa jirani alipomuuliza kama ni barua ya msiba, alicheka kwa maringo.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka wa pili baada ya watu kuhamishiwa kijijini, kina mama wa Malindi, hii ya milimani, si ile ya pwani, walikuwa wakienda shamba la ujamaa na watoto migongoni, na kila mtoto akilia, jembe linalala chini. Mwenyekiti akalalamika. Secilia alikuwa amefundishwa ukunga miaka kumi na minane nyuma na sista wa Kizungu, aliyeamini kwamba mtoto mwema ni yule anayekula kwa saa. Basi akatoa dawa. Watoto wabaki kituoni, kibanda kilicho kando ya shamba, na bibi wawili wa kuwalea. Ringi la lori lililoning'inizwa kwenye mkaratusi mbele ya ofisi ya kijiji liwe kengele, lipigwe saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, na saa kumi na mbili jioni. Likilia, mama aje anyonyeshe. Lisipolia, jembe. Hata nyumbani usiku avumilie mpaka alfajiri, mtoto asizoee ulafi. Nani wa kumpinga nesi? Shamba likalimika, wakubwa wakaja kutazama, Secilia akapewa cheti na doti moja ya khanga. Maskini, kumbe alikuwa anajipalia makaa.

Siku ya pili ya semina, kabla ya zamu yake, alisimama mwalimu kutoka Tanga aitwaye Mwanasha, msichana wa miaka ishirini na sita hivi, mtandio umemkaa vizuri, sauti ya taratibu. Secilia alimtazama kama mtu mzima anavyomvumilia mtoto. Kazaa wangapi huyu? Lakini Mwanasha hakuwa mtu wa kubwabwaja. Alisema maziwa ya mama huletwa na mdomo wa mtoto. Mtoto akinyonya, ziwa linapata habari kwamba linahitajika, linatengeneza mengine. Asiponyonya, linajua kazi imekwisha. Mtoto mchanga hunyonya mara nane, mara kumi, mara kumi na mbili, mchana na usiku, kila anapotaka, na hapo hakuna ulafi wowote. Ukimpangia saa, wapo kina mama watakaostahimili, maana watu hawafanani. Wengine maziwa yatapungua wiki kwa wiki mpaka yakauke.

"Kisha mtoto atakonda," alisema, "na nyumbani watamlaumu mama. Watasema amembemenda."

Penseli ya Secilia ilisimama. Lushoto ya mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, naye jasho linamtiririka mgongoni ndani ya sare yake. Maana alikuwa amemkumbuka Paskalina.

Paskalina alikuwa binti wa Soni, ameolewa Malindi na Tobia. Walipata mtoto wao wa kwanza, Eliudi, wakati Tobia yuko Mombo kwa kibarua cha barabara, na alikaa huko miezi yote ile. Paskalina alikwenda zahanati mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza: nesi, mtoto analia mno, nimpe? Akaambiwa asubiri kengele. Mara ya pili akasema maziwa yanapungua. Akaambiwa anywe uji wa moto, na asubiri kengele. Mara ya tatu akasema hayatoki kabisa, na Secilia akamwambia basi ampe mtoto uji mwepesi. Uji ukaleta kuharisha. Eliudi alikufa ana miezi minne, mwepesi kama kapu tupu.

Matangani, mama yake Tobia, Bibi Raheli, alimgeukia Secilia, mtaalamu wa kijiji, mbele ya watu akamuuliza ni nini kimemuua mjukuu wake. Tayari wanawake walikuwa wakinong'ona kwamba mtoto kabemendwa, yaani mama kalala na mwanamume kabla mtoto hajaacha ziwa, maziwa yakaharibika. Na mume yuko Mombo! Secilia angeweza kusema hajui. Neno dogo hilo, wala halivunji mfupa. Lakini angesema hajui, watu wangeendelea kuuliza, na wakiendelea kuuliza wangefika kwenye kengele yake.

"Maziwa yaliharibika," alisema. "Kwa nini, ajuaye ni mwenye nayo."

Yakawa yamekwisha. Wiki haikupita, Paskalina alirudishwa kwao Soni na sanduku lake, na jina la umalaya juu yake.

Sasa ukumbini Mwanasha alikuwa akimkaribisha Nesi Secilia wa Malindi aje mbele. Secilia akaenda. Alikuwa na karatasi nne zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri. Akazigeuza upande mweupe, akaanza kuzungumzia kuchemsha maji ya kunywa. Dakika kumi nzima, maji! Wenzake walitazamana, lakini ni watu wenye adabu zao, wakampigia makofi. Mwanasha naye akapiga makofi. Ee, aibu gani ile. Alirudi kitini akitamani ardhi ipasuke aingie, na usiku ule hakupata usingizi.

Semina ilipofungwa hakupanda gari la Malindi. Alipanda la kwenda Mombo, akashuka Soni, akauliza sokoni, akaonyeshwa. Paskalina alikuwa amekaa kwenye gunia, mbele yake karoti na kabichi. Alipomwona, alisimama, akafuta mikono kwenye khanga, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, nesi."

Ile shikamoo ilimchoma kuliko tusi. Akaitikia marahaba kwa sauti isiyotoka vizuri, akachuchumaa pale pale kwenye maganda, mtu mzima na sare yake, akaeleza yote. Kengele. Maziwa. Aliyoyasema matangani na kwa nini aliyasema. Hakujitetea, ingawa mara mbili ulimi uliteleza, akajikuta anamtaja sista wa Kizungu. Mwishoni akasema amekuja kuomba radhi.

Paskalina hakulia. Alikuwa akizipanga upya karoti ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Nilikuwa namsikia kutoka shambani," alisema. "Akilia, maziwa yanatoka yenyewe, gauni linalowa. Mimi najifunga khanga kifuani yasitoke, kwa sababu kengele haijalia. Mwili wangu ulijua, nesi. Mimi nikakusikiliza wewe."

Secilia aliokota karoti moja iliyobingirika, akairudisha kwenye fungu lake.

"Radhi yako siipokei hapa sokoni. Matangani ulisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu hao hao. Wala sina haja ya kuja kusikiliza. Habari za Malindi hushuka Soni na viazi."

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Kabla jua halijapanda, Secilia alikwenda kwa mwenyekiti akamwambia kila mama arudishiwe mtoto wake, amnyonyeshe shambani anapotaka, kengele ya watoto imekufa. Mwenyekiti akafoka kwamba cheti walishapewa, watasemaje wilayani? Secilia akamjibu kwamba watasema alikosea. Kisha akaenda zahanati. Benchi zilikuwa zimejaa. Bibi Raheli alikuwepo, amemleta mkwe wake mpya mwenye mimba, kwa maana Tobia alishaoa tena baada ya Pasaka.

Secilia hakukaa. Alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Alisema Eliudi alikufa kwa njaa na kwa uji, na kwamba njaa ile aliipanga yeye kwa saa. Alisema Paskalina hakufanya kosa lolote ila kumtii.

Bibi Raheli akasimama polepole, mkono kiunoni.

"Kwa hiyo mke wa mwanangu hakutoka nje?"

"Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo, mama."

"Na siku ile matangani, ulijua?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutorokea. Angeweza kusema hakujua, ndivyo alivyofundishwa, elimu ya zamani, na ingekuwa nusu ya kweli. Wangemhurumia.

"Nilijua kwamba sijui," alisema. "Nikasema ili msiniulize mimi."

Bibi Raheli akamshika mkono yule mkwe mwenye mimba, akamtoa nje bila kupimwa. Hakuaga. Secilia akashusha pumzi. Alidhani zito limekwisha, kwamba mzigo ulikuwa mmoja nao ameutua.

Ndipo Yunis akainuka kwenye benchi la pili. Mwanamke mpole, mwimbaji wa kwaya, ndiye aliyemletea Secilia kuku siku ile ya cheti. Mwaka uliopita alimzika Kristofa wake, na Secilia alikuwa amemwambia kwamba ni homa.

"Na wangu, nesi?" aliuliza. "Naye alikuwa kituoni."

Jibu Secilia alikuwa nalo, tena alikuwa nalo tangu Lushoto, ila hakuwa amethubutu kulitazama. Nyuma ya Yunis wanawake wengine wawili walikuwa wamekwisha kusimama, wakingoja zamu zao za kuuliza.